Ng'ombe wa Biringanya

Benadetha hakuwa mtu wa kuamini mizimu, na ukimtajia habari hizo alikukata jicho mpaka ukanywea. Mkatoliki wa Muleba huyo, amesoma miaka sita Nagoya, sasa anakaa Adelphi, Marekani, kwenye maghorofa ya pembeni ya University Boulevard na bintiye Violet wa miaka tisa. Kila kiangazi anafundisha watoto utamaduni wa Kijapani kwenye ukumbi wa mtaa. Wiki ya kwanza ni mambo ya leo: treni, katuni, mashine za barabarani zinazouza mpaka supu ya moto. Ya pili ni mambo ya kale, na hiyo watoto huivumilia tu.

Ila siku ya Obon walitulia. Aliwaeleza kwamba katikati ya Agosti Wajapani wengi huwakaribisha marehemu wao nyumbani kwa siku chache. Tango huchomekwa vijiti vinne likawa farasi, ili marehemu aje mbio. Biringanya nalo huwa ng'ombe, ili siku ya kuagwa aondoke polepole, asiwaache watu wake upesi.

Meza ya marehemu inataka picha, na watoto hawakuwa nayo. Basi Benadetha akatoa kwenye pochi picha ya mama yake, Ma Dorothea, aliyefariki Februari, akaisimamisha kati ya tango na biringanya.

"Huu ni mfano tu," akawaambia.

Mfano! Jamani, mtu unamtoa mama yako mzazi mfano?

Hiyo ilikuwa Jumanne, na kuaga kulipangwa Ijumaa. Alhamisi ikapiga dhoruba, umeme ukakatika, ukumbi ukafungwa mpaka Jumatatu, na mlinzi akasema vyakula vyote viondolewe. Benadetha akavibeba. Tango lilishanyauka, akalitupa. Lakini biringanya lilikuwa zima, linang'aa, na mtu aliyelelewa na Ma Dorothea hatupi chakula. Akalichomoa miguu, akalikaanga kwa nyanya na kitunguu, wakala na wali, yeye na Violet. Wakaramba na sahani.

Jumamosi asubuhi akamwita mtoto aje anywe chai. Violet ni kama wenzake wa huku, Kiswahili anakisikia chote, kujibu ni Kiingereza. Siku hiyo akajibu kutoka chumbani, "Nakuja, mwana wange. Ngoja nijifunge kitenge."

Benadetha akabaki na birika mkononi, chai inamwagikia meza. Mwana wange ni Kihaya, mwanangu. Hakumfundisha Violet hata neno moja la Kihaya, na aliyekuwa akimwita hivyo yuko kaburini Muleba. Mtoto akatokea na pajama zake, kavaa vizuri tu.

"Mom, what happened to the tea?"

Ikawa hivyo mwisho wa wiki wote. Mara Violet kainama anafagia zulia, mkono mmoja mgongoni. Mara kamwaga mchele kwenye sinia anachagua mawe, mchele wa supamaketi usio na jiwe hata la dawa. Benadetha aliogopa. Lakini nisimfichie: alifurahi pia. Alikuwa anamwita mtoto bila sababu, mara tano, mara sita, ili tu asikie ile sauti ikiitika. Na kila alipoitika hivyo, mtoto alizidi kupauka, na chakula alikuwa hagusi.

Jumatatu akaenda naye darasani. Ethan, mvulana wa Kikenya mwenye maswali mengi kuliko mwalimu, akainua mkono.

"Teacher, hatuku-do ile ya kuaga. Sasa mamako ali-go back na nini?"

Benadetha akamtazama Violet, akamwita kwa jina. Mtoto hakugeuka. Akaita tena. Akakohoa kidogo, kisha kwa sauti ya chini kabisa, ambayo darasa halikuisikia, akasema, "Dorothea." Violet akageuka na kutabasamu. Mwalimu akavunja darasa kabla ya saa.

Walipofika nyumbani jua lilikuwa bado kali. Violet akakaa kwenye kochi, akanyoosha miguu kama mtu mwenye magoti mabovu.

"Mwana wange, mbona hukuja kunizika?"

Watu wote walikuwa na jibu la swali hilo, maana Benadetha alishawapa: karatasi. Karatasi za ukaazi bado ziko ofisini kwa uhamiaji, akitoka nchini hawezi kurudi. Walimhurumia kweli, wakaja kumpa pole na masufuria ya chakula.

"Karatasi, mama..."

Benadetha akakaa chini sakafuni. "Kibali cha kusafiri kilifika Jumanne," akasema. "Mazishi yako yalikuwa Jumamosi. Nilikitia kwenye droo. Uliumwa mwaka mzima, nakwambia nakuja, nakuja. Niliona aibu, mama. Niliogopa kufika nikute uso wako."

Akalia kilio alichokuwa anadaiwa tangu Februari, kamasi na vyote. Mkono mdogo ukamshika kichwani.

"Nilijua," sauti ikasema. "Usiku ule ule wa Jumanne nilijua. Sikuja kukusuta, nilikuja kukuona. Sasa nitafutie usafiri. Mtoto huyu ana mambo yake, nimemchosha."

Benadetha alitaka kusema kaa japo wiki moja. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Akautazama ule mkono, jinsi ulivyokonda kwa siku tatu, mifupa ya kiganja imesimama. Akalimeza.

Akaenda dukani na mtoto ameshikilia toroli, akachagua biringanya kubwa kuliko yote, zito, lenye tumbo. Wakakaa wote kibarazani, magari yakipita chini. Akachomeka mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne akauvunja nusu, makusudi, ng'ombe achechemee.