Homa Isiyowaka

Kwa siku tatu mfululizo Anatoli alikuwa akija mwaloni Katonga, ufukweni kwa wavuvi, saa sita mchana, wakati dagaa walioanikwa wanapogeuzwa. Hakuja kwa mtumbwi wala kwa miguu. Veneranda aliinama juu ya kichanja, na alipoinuka mumewe alikuwa pale, ameketi ukingoni mwa maji, amekunja suruali hadi magotini, ingawa walimzika kijijini Simbo miaka tisa iliyopita.

Veneranda hakuogopa. Alikuwa mtu wa sala, kiongozi wa rozari katika jumuiya yao ya Katubuka, na aliamini Mungu humpa mja wake zawadi kwa saa aipendayo Yeye. Ng'ambo, milima ya Kongo ilielea kama imewekwa juu ya moshi. Mwanga uliteleza kutoka ziwani hadi juu ya dagaa, ukarudi tena ziwani. Ndani ya mwanga huo aliongea na mumewe taratibu: magoti yanavyouma, pumzi inavyomkatika akipanda kutoka mwaloni, kidonda alichopata kwa kuchomwa na waya wa kichanja wiki mbili zilizopita, ambacho hakitaki kufunga. Anatoli alisikiliza tu.

"Mama Veneranda!" Ilikuwa sauti ya Gloriose, mama wa Kirundi aliyeanika kwenye kichanja cha jirani. "Hao dagaa umewageuza mara ya nne. Unataka wapate kizunguzungu?"

"Geuza wako, wangu niachie."

"Na huo mkono? Umeumuka kama andazi."

"Hebu niguse uone kama ninaumwa."

Pale mwaloni ugonjwa ulipimwa kwa kiganja. Mwanamke akijisikia vibaya, mwenzake alimgusa paji la uso. Likiwa la moto alipelekwa zahanati, likiwa la baridi alirudi kwenye dagaa wake. Ndivyo walivyowatambua watoto wao wenye malaria miaka yote, na ni mara chache walikosea. Gloriose akamgusa. Paji lilikuwa baridi.

"Umeona? Sina kitu."

Gloriose akarudi kwenye kichanja chake, lakini hakuacha kumtazama.

Chakula kilipofika, wanawake walikusanyika kivulini wasali. Veneranda akaanza Baba Yetu kama kawaida yake. Alipofika kwenye mkate wa kila siku, akakwama. Wakangoja. Ziwa likapiga mchanga mara moja, mara mbili.

"Anatoli atamalizia," akasema kwa upole.

Hakuna aliyecheka. Gloriose ndiye aliyemalizia, tena kwa Kirundi, kwa kuwa akiogopa Kiswahili humkimbia. Kisha akamshika mwenzake kiunoni, akaita bajaji.

Zahanati walipokewa na Bariki, tabibu kijana. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Bariki hakugusa paji. Alihesabu pumzi zake, akapima presha, akautazama mkono kwa muda mrefu, kisha akauliza leo ni siku gani.

"Jumapili," akajibu Veneranda. Ilikuwa Jumatano.

"Lakini hana moto, dokta," Gloriose akajitetea. "Nimemgusa mwenyewe."

"Hapo ndipo tunapodanganyika, mama. Kinga ya mwili nayo huzeeka. Kijana akipata kidonda, askari wa mwili wake hukimbia wote pamoja, mwili ukawaka. Askari wa bibi wamezeeka. Adui akija, wengine wamechelewa. Na adui asipokuwepo, wengine wanapiga kelele mchana kutwa, na kelele hizo huchangia kuumiza viungo na kuuchosha moyo. Sasa vijidudu vya kidonda vimeingia kwenye damu. Kwa mzee, homa inaweza isiwake kabisa. Inapanda kichwani kimyakimya, mtu anaota huku macho yako wazi." Akachukua bomba la sindano. "Apate hii sasa, kisha twende hospitali. Tukichelewa tutampoteza."

Veneranda akauvuta mkono wake.

"Nikipona, Anatoli ataendelea kuja?"

Bariki akamtazama Gloriose. "Marehemu mumewe," Gloriose akanong'ona.

Kijana akaketi. "Sitakudanganya, bibi. Nadhani hatakuja."

Veneranda akafumba macho. Hata humo chumbani Anatoli alikuwepo, kando ya mlango, mwanga wa ziwa ukicheza juu ya magoti yake. Akataka kumwomba Mungu amwonyeshe la kufanya. Akatafuta neno la kwanza, hakulipata. Mahali ambapo sala ilikaa tangu utoto palikuwa peupe, pamejaa mwanga na mume wake tu. Ndipo hofu ikamshika kwa mara ya kwanza. Kwa siku tatu alimwambia Anatoli kila kitu, lakini hakumwambia Mungu lolote.

Akanyoosha mkono.

"Choma, mwanangu. Tangu uchumba yule alikuwa mtu wa kunisubiri. Atasubiri tena."

Alilazwa siku kumi na moja. Mwezi uliofuata alirudi mwaloni, amekonda, anatembea polepole, magoti yakiuma vilevile. Sasa Gloriose hakumgusa tena paji; kila asubuhi alimuuliza swali la tabibu.

"Leo siku gani, mama?"

"Alhamisi. Na wewe ni mchokozi."

Saa sita akainama, akageuza dagaa mara moja tu, akainuka. Ukingoni palikuwa na mchanga na maji. Alipatazama kitambo, machozi yakimtoka bila kelele. Kisha akawaita wanawake kivulini, akaanza Baba Yetu, akapita kwenye mkate, akaendelea hadi amina.