Sigaa Tisa za Evelio Quintana

Evelio Quintana alikuwa amekwisha kumhukumu yule mwanamke kabla hajafungua kinywa. Katika kiwanda chao msomaji huajiriwa kuwasomea wasokotaji kwa sauti wanapofanya kazi, na wasomaji wanne aliowasikia katika miaka arobaini na moja ya kusokota sigaa pale Holguín, Kuba, walipanda jukwaani na gazeti na kitabu. Huyu, Onelia Savón, alipanda na daftari la shule lenye jalada la buluu. Alikuwa mwanamke wa milima ya Baracoa, Msabato asiyegusa kazi siku ya Jumamosi, na ndani ya daftari mlikuwa na maneno ya watu aliowahoji huko kwao: wafuga nyuki, wakunga, wachunga nyumbu.

"Leo anatuletea nani?" Evelio aliuliza kwa sauti ya kusikika. "Kuku?"

Meza za jirani zikacheka. Migdalia, aliyekaa mbele yake, hakucheka.

"Mzee, mwache dada wa watu asome."

"Nimemwacha. Ujinga nao una haki ya kupumua."

Ilikuwa siku ya tatu ya majaribio, na jioni wasokotaji wangeamua. Desturi ya ukumbi ule ni kwamba mkongwe ndiye huanza. Akigonga ubao kwa chaveta yake, ule ubapa wa chuma wa kukatia majani, wote hugonga, na msomaji amepata kazi. Akiiachia ianguke sakafuni, wote huachia, na msomaji hukusanya vitu vyake. Onelia alilijua hilo. Alikuwa ameacha ualimu ili aje, na nafasi yake kule ilikwisha kupewa mtu mwingine.

Hakuna aliyewahi kugonga kabla ya Evelio wala dhidi yake, na kwa hilo aliwadharau. Yeye alisoma shule ya usiku miaka sita, mikono ikinuka tumbaku, na cheti chake kilining'inia juu ya jokofu, kimewekewa kioo. Wao walisubiri mzee mmoja awaambie kama wamependa walichokisikia.

Onelia akasoma. Sauti yake haikuwa na madoido.

"Nina nyumbu saba. Sita hubeba kahawa. Wa saba simtwishi kitu, kwa kuwa kaka yangu aliyekufa mtoni ndiye anayempanda. Watu wa bondeni hunicheka. Mimi nawauliza jambo moja tu: wafu wenu mmewaweka wapi?"

"Kilo themanini za kahawa," Evelio alimwambia Migdalia, "zinabaki mlimani kila safari kwa ajili ya mzuka. Ndiyo maana tunakunywa kahawa iliyochanganywa na dengu."

Lakini hakusema tena mpaka mapumziko. Kando yake palikuwa na kiti cha Fermín, aliyesokota naye bega kwa bega miaka ishirini na sita, akafa. Ulikuwa mwaka wa pili sasa. Juu ya kiti hicho Evelio alikuwa ameweka kikapu chake. Kila aliyetaka kukaa hapo aliambiwa kuwa mwanga ni mbaya, naye akalitazama dirisha lililokuwa juu yake kabisa.

Saa ya chakula alimfuata Onelia penye bomba la maji, akidhani amemnasa.

"Ndugu, wewe unaamini hayo ya nyumbu?"

"Siamini, mzee. Kanisani kwetu wafu wamelala tu, hawapandi chochote."

"Ulimwambia hivyo?"

"Sikumwambia. Nilikwenda kumsikiliza."

"Kwa hiyo unatusomea uongo."

"Nasoma anachokiamini yeye. Nikiwasomea ninachokiamini mimi, mtalala kama wao."

Evelio alirudi mezani amekereka. Mchana Onelia aliendelea na mchunga nyumbu yule yule, na Evelio aliendelea kumdharau, jani baada ya jani.

Jioni mkaguzi, kijana aitwaye Norge, akapita na mashine yake ya kupima kama moshi unapita. Alipofika kwa Evelio alipima, akapima tena, akakohoa.

"Mzee, tisa zimebana. Hata upepo haupiti."

Kwa mwezi mzima Evelio hakurudishiwa zaidi ya moja.

"Tumbaku ilikuja na unyevu," mtu mmoja alisema upesi, na wengine wakaitikia kuwa ndiyo, ni unyevu, nao waliuona.

Evelio aliwatazama. Nusu yao walikuwa wamepata majani makavu kama karatasi, kutoka gunia lile lile, na bado walikuwa tayari kuapa.

"Majani hayana kosa," alisema. "Nilikuwa nasikiliza."

Akaiweka chaveta mezani, akakunja mikono.

"Na leo sianzi mimi. Mna masikio, si mapambo."

Walitazamana kama mbuzi waliofunguliwa zizi wakasahau mlango uko wapi. Mwishowe Migdalia akagonga. Mwingine akagonga. Mahali fulani nyuma chaveta ikaanguka sakafuni, ikafuatwa na ya pili, kisha zikaja za kugonga, nyingi, bila mpangilio, hovyo kabisa. Evelio hakuwahi kusikia kelele mbaya kama ile pale ukumbini. Alisubiri iishe ndipo akagonga, mara moja.

"Usijidanganye," alimwambia Onelia, aliyekuwa amelibana daftari kifuani kwa mikono miwili. "Nyumbu yule hana kitu mgongoni. Kesho uje na wa nyuki, nimsikie naye anakosea wapi."

"Nitakuja, mzee."

Norge, akikusanya zile tisa, akauliza kama kile kiti chenye kikapu kinaweza kupewa msokotaji mpya wa Jumatatu.

"Mwanga hapo ni mbaya," alisema Evelio.

Safari hii hakuna aliyetazama dirisha.