Kitenge Kwenye Mdomo wa Njia ya Kusini

Kila alipotaka kushuka mgodini, Injinia Kaluba aliulizwa swali moja mbele ya wanaume wote: je, leo yuko safi, au yumo kwenye siku zake? Mwulizaji alikuwa Bwana Simusokwe, nyapara wa zamu, na aliuliza kwa adabu, kofia mkononi, kama mtu anayemjulia hali mama mkwe. Wengine walicheka. Kule kwenye migodi ya shaba ya Zambia waliapa kwamba shaba humkimbia mwanamke. Shaba ikipungua, Kaluba. Lifti ikikwama, Kaluba.

Kazi yake ilikuwa kuangalia dari la mwamba lisiwaue watu hao hao. Njia ya kusini ilipoanza kuvuja maji, na nondo za kushikilia dari zikalegea, aliifunga kwa mnyororo mwekundu. Mnyororo wa injinia hufunguliwa na injinia peke yake, ndiyo sheria. Kesho yake akaukuta umetupwa chini, watu wako ndani wanachimba. Akawatoa, akaufunga tena. Wakautupa tena. Meneja akamwambia asilete hofu za jikoni kazini.

Asubuhi moja, zamu ikiwa njiani, alisikia mwamba ukikatika kule ndani. Mnyororo ulikuwa chini. Akavua kitenge alichojifunga kiunoni juu ya ovaroli, akakitundika juu ya mdomo wa njia. Mwanaume wa pale hapiti chini ya nguo iliyofunga kiuno cha mwanamke. Anaamini nguvu zake za kiume zitakauka. Mikono ya Kaluba ilifunga huku moyo ukiona aibu. Kusoma kote kule, na sasa anawatisha watu kwa kitambaa.

"Bamayo, mama yetu, toa hiyo nguo yako tupite," alisema Simusokwe. "Au umekuja kutuhasi?"

"Pita tu, baba. Mnyororo wangu si huwa mnauruka?"

Hakupita mtu. Walikuwa bado wanamtukana dari liliposhuka, lote, nyuma ya kitenge. Vumbi lilipotulia, walikuwa wazima wote, wanajipapasa.

Kwenye uchunguzi Simusokwe alishika Biblia, akasema dari lilikuwa imara mpaka mwanamke alipotundika nguo. Mnyororo? Hakuna aliyewahi kuuona. Wakaja mmoja mmoja wakarudia hayo hayo, watu wale wale ambao Kaluba aliwarudisha kwa watoto wao. Meneja alimuuliza Kaluba jambo moja tu, kama nguo ile ilikuwa yake. Akakubali. Wakamfukuza, na wasichana aliokuwa akiwafundisha kazi wakapelekwa ofisini kupika chai. Kitenge kiliopolewa kwa mti mrefu, kikachomwa getini. Wake wa wale wanaume walipiga vigelegele, mke wa Simusokwe akiwa mbele.

Mwaka haukuisha. Injinia mpya, mwanaume, alifunga njia ya kaskazini kwa mnyororo. Wakautupa chini kama kawaida yao, wakaingia. Safari hii hapakuwa na nguo ya kuwazuia, na dari likawashukia.

Kaluba alikwenda msibani kwa Simusokwe, akaketi mkekani na wanawake wenzake. Mjane akainua uso, akamwona.

"Na huyu umemla, mchawi wewe," alisema. "Bado hujashiba?"

Wanawake wakainuka mmoja mmoja, wakamwachia mkeka.