Wasifu wa Marehemu Mpawenimana

Tangazo lilikuja kwenye kundi la WhatsApp la walimu wa Kibondo: kambi ya sanaa ya siku tatu, kwenye nyumba ya mbao kando ya ziwa, Kagerankanda. Mimi nilikuwa na riwaya niliyoianza tangu nilipohamishiwa huku kutoka Tarime. Miaka minne, na bado ilikuwa na ukurasa mmoja. Nikamwomba rafiki yangu Claudine anisindikize. Claudine anauza vitenge sokoni Kibondo, na sijawahi kumwona amenyamaza kwa muda unaotosha kumeza mate. Alikubali kwa sababu alisikia neno ziwa.

Ziwa lenyewe lilikuwa shimo. Wakandarasi wa barabara walichimba kifusi pale, wakaondoka, mvua ikajaza maji. Claudine alisimama ukingoni akawatazama bata wawili waliokuwa wakiogelea.

"Mwalimu," akaniambia, "hili ziwa hata bata wanalionea aibu."

Yakawa maneno yake ya mwisho siku ile, kwa maana mwezeshaji wetu, Gharibu, mwanamume mrefu kutoka Tanga, alitukusanya sote saba tuliokuja akatutangazia kwamba sanaa huzaliwa kwenye ukimya. Akachukua simu zetu, akazitia kwenye ndoo ya lita ishirini na kufunga mfuniko. Hakuna kuongea, hakuna kusalimiana. Atakayevunja ukimya hapati cheti. Yeye mwenyewe naye angenyamaza. Kwetu sisi watumishi wa serikali, cheti si jambo la mzaha. Tukanyamaza, hata Claudine.

Nilikaa mbele ya daftari mpaka mchana, nikafanikiwa kuufuta ule ukurasa mmoja. Claudine alishuka majini na beseni, akaanza kuchota udongo wa mfinyanzi. Nilijua kwamba mama yake alikuwa akifinyanga vyungu kwenye kambi ya wakimbizi, ila sikujua kwamba Claudine aliwahi kujifunza. Alianza na nyayo. Ikaja miundi, magoti, kitambi. Sisi tulioshindwa na kazi zetu tukawa tunambebea udongo. Jua lilipozama, mwanamume mzima wa udongo alikuwa amelala chali kwenye mkeka barazani, ana masikio makubwa na uso wa mtu anayesubiri chakula. Claudine akaloweka shuka jeupe, akamfunika asipasuke.

Asubuhi ya pili baridi ilikuwa kali. Tulijifunga kanga na mablanketi, tukavua viatu, tukakaa kwenye mikeka kumzunguka mtu wetu, tukitafakari kama Gharibu alivyotuelekeza. Ndipo akapita Mama Ernesta, mwenyekiti wa kitongoji, jembe begani.

"Mwakeye!" akasalimia, akipiga makofi taratibu kama Waha wanavyofanya.

Kimya.

Akarudia. Kimya. Huku mtu haachwi bila kuitikiwa salamu, labda awe amekosana nawe, au wewe uwe umefiwa. Mama Ernesta hakuwa amekosana nasi. Akatutazama mmoja mmoja, akaona miguu mitupu, kanga, nyuso zilizoinama. Kisha akaliona shuka jeupe na nyayo mbili zilizolisukuma juu.

"Yuu! Mwihangane, wanangu," akatupa pole, na jembe likamtoka begani.

Kufikia saa nne walikuwa wamejaa. Wanawake walikuja na kuni, maharage na unga wa muhogo, wakainjika masufuria. Wanaume walikuwa wakichimba chini ya mikaratusi. Gharibu, jasho likimtoka, aliandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa: HAPA HAKUNA MSIBA. Mama Ernesta akaisoma, akaikunja vizuri, akamshika mkono.

"Hata mimi baba alipofariki nilisema hivyo hivyo."

Nikaona basi, cheti kiende.

"Mama, hakuna aliyekufa," nikasema.

"Lia, binti yangu." Akanikumbatia kwa nguvu. "Usijikaze, utapata presha."

"Mama, tafadhali, funua uone."

Akafunua upande wa kichwa. Akatazama. Akagusa shavu kwa kidole, kidole kikazama. Akasogea kidogo, mgongo wake ukiwakinga waombolezaji wasione.

"Huyu ni udongo," akanong'ona.

"Ndicho nilichokuwa nasema."

"Kaburi limeshachimbwa, Mwalimu. Watu wa Rungwe Mpya wako njiani. Katekista Renatus ameacha mafundisho ya komunyo. Mimi mwenyekiti nikasimame niwaambie nimewaita kuzika sanamu?" Akarudisha shuka. "Anaitwa nani?"

Claudine, aliyekuwa amepiga magoti karibu yetu, akafungua kinywa kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Mpawenimana," akasema, sauti imemkauka.

"Vizuri. Mwalimu, andika wasifu wa marehemu. Una nusu saa. Na usimfanye mlevi, katekista hatapenda."

Nikaandika. Miaka minne nilikuwa nimekwama, na sasa kalamu ilikuwa inanikimbia. Nikaandika kwamba alizaliwa Gwarama, akajifunza mwenyewe kutengeneza redio, akawa mtu wa kucheka kesho yake kwa kichekesho cha leo. Kurasa tatu. Nikasimama nazo mbele ya watu, nikaanza kusoma.

Nilipofika kwenye redio, mzee mmoja mwenye koti la kijani akapaza sauti kutoka nyuma: "Yangu aliitengeneza huyo! Mpawe wa Gwarama, mwenye masikio!"

Nikaendelea. Mwanamke mmoja akasema marehemu aliimba besi kwaya moja na mumewe. Niliposoma kwamba aliogopa bata, watu watatu wakathibitisha. Ukazuka ubishi kama alichechemea mguu wa kulia au wa kushoto. Mimi sikuwa nimeandika kwamba alichechemea. Mama Ernesta alinitazama kana kwamba nilimficha habari.

Wanaume sita walimbeba, wakamweka chini mara tatu kupumzika.

"Mtu huyu ni mzito!" mmoja akalalamika.

"Wema ni mzito," akajibu Katekista Renatus, akafungua kitabu chake.

Udongo wa kwanza ulipodondoka, Claudine alilia. Alilia kwelikweli, mpaka akina mama wawili wakamshika. Na hapo Gharibu, aliyevumilia yote bila sauti, akasogea ukingoni mwa kaburi, akavua kofia, akasema, "Kwaheri, ndugu yangu." Kwa hiyo hata yeye hakupata cheti.

Baadaye, tukila maharage, nilimuuliza Claudine alikuwa anamlilia nani.

"Sikio la kushoto," akasema. "Lilikuwa limetoka vizuri sana."

"Na Mpawenimana ni nani?"

"Mteja wangu. Huwa anapindua duka zima halafu hanunui. Sijui kwa nini alinijia mdomoni."

Nilidhani yameisha. Wiki ya tano Mama Ernesta akanipigia simu. Arobaini ya marehemu inakaribia, watu wameshapanga kila kitu, ila wanauliza swali moja: ameacha nani? Kwenye wasifu sikutaja. Wanataka kuiona familia.

Nikaenda mbio sokoni kwa Claudine, nikamweleza.

"Lazima mtu awe mjane," nikasema. "Wewe ndiye uliyelia. Wote walikuona."

Claudine akaacha kukunja kitenge alichokuwa nacho.

"Mjane? Mtu nimemtengeneza kwa mikono hii, kuanzia nyayo, halafu niwe mjane wake? Ni laana hiyo, Mwalimu. Mimi ni mama yake mzazi."

"Umemzidi miaka mingapi?"

"Nilimzaa nikiwa mdogo." Akapanda kwenye kigoda, akashusha kitenge cheusi kutoka rafu ya juu, akanipima begani. "Geuka. Mjane utakuwa wewe."