Jaribio Lililoanguka Baraka

Wenzake wa chuo walibaki Bukavu. Mjini Baraka, Nadège hakuwa na hata mmoja wa kuzungumza naye kazi yake. Alisaidia kutunza programu ya kusaka makosa ndani ya programu nyingine, pamoja na watu wa nchi za mbali aliowajua kwa majina tu.

Kila walipobadilisha kitu, majaribio yalijiendesha yenyewe kuona kama kuna kilichoharibika. Jaribio moja lilikuwa kigeugeu: leo linapita, kesho linaanguka, wala hakuna aliyeligusa. Kwa wenzake wa mbali lilianguka kwa nadra. Kwa Nadège, karibu kila asubuhi.

"Ni mashine yako," Bertin, msimamizi wao aliyeishi Ubelgiji, alimwandikia. "Tulifute tu."

Nje bamama walikuwa wakianika ndagala, samaki wadogo wa ziwani, wakicheka. Kweli, kompyuta yake ilikuwa kuukuu, na wingu lilipotanda, umeme wa sola ulipungua ukazidi kuilegeza. Hata hivyo hakulifuta. Alilifuata hatua kwa hatua mpaka akaona: jaribio liliiamuru programu inayokaguliwa isimame mahali fulani, kisha likaihoji papo hapo, bila kuhakikisha kwamba imesimama. Kwenye mashine zenye mbio, programu iliwahi. Kwake, swali lilitangulia.

Angeweza kuongeza muda wa kusubiri, yakaisha. Lakini mashine nyingine ingekuja kuchelewa zaidi. Akaliandika upya, lisiulize neno hadi taarifa ya kusimama ifike. Akalirudia, akalirudia, likapita kila mara. Akamtumia Bertin.

Akafungua mlango mbio. Tantine Angeline, mwenye nyumba, alikuwa akigeuza samaki.

"Tantine, imekubali!"

"Nini imekubali, mama?"

"Ile kazi! Ilikuwa inauliza mbele ya programu kusimama."

Tantine aligeuza samaki mwingine. "Tushukuru Mungu. We umekula?"

"Bado."

"Ugali iko ndani."

Jioni jibu la Bertin lilifika: "Imepokelewa." Basi.

Nadège akaanza kumwandikia jinsi alivyokesha na wasiwasi juma zima, na kumwuliza kama huko nako mvua imeanza. Akasoma alichoandika, akakifuta, akatuma "Asante."

Tantine alikuwa amekwisha kwenda kwaya. Nadège akafunua ugali uliopoa, akala amesimama mlangoni, akisikiliza watu wa nyumba ya pili wakiitana mezani.