Sikio la Mchungaji Japhet

"Haya, Boni, niambie ulichosikia," Mchungaji Japhet alisema, akavua miwani kama mtu anayesubiri kupimwa presha.

Ndivyo tulivyofanya kazi kila Jumamosi, sebuleni kwake Rinkeby, mtaa wa huku ughaibuni, baada ya chai. Yeye alisoma kipande cha Injili ya Luka alichokitafsiri kwa lugha yetu. Mimi nilisikiliza bila karatasi, kisha nikasimulia kwa maneno yangu. Nikisimulia sawasawa, kipande kimepita. Luka nzima alikuwa ameimaliza, kazi aliyoianza siku alipostaafu, na kilichobaki kilikuwa sikio tu. Yeye aliondoka nyumbani kijana, akaja kusoma theolojia, akaoa, akazeekea huku. Mimi nilikuwa nimefika majuzi. Kwa hiyo sikio likawa langu.

Siku hiyo nilisimulia vizuri kabisa. Kisha nikaongeza jambo ambalo hakuniuliza.

"Nimeelewa, Mchungaji. Ila hivi wanaongea mabibi. Vijana wa nyumbani wakisikia watacheka."

"Watalicheka Neno?"

"Siyo Neno, baba. Watacheka namna linavyosemwa."

Ulikuwa ukweli mtupu, na hilo ndilo linalonitesa. Ungekuwa uongo ningetubu yakaisha. Lakini nilikuwa na shahada mpya, kazi ya kompyuta, chumba changu Rissne, na ule ujuaji wa mtu aliyepanda ndege mara moja akaona kila kitu cha kwao kimechakaa. Jikoni, mkewe, Mama Gladness, aliacha kumenya ndizi. Mchungaji alivaa miwani yake, akanishukuru.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta ameanza upya, sura ya kwanza, mstari wa kwanza. Alikuwa amemwagiza binti yake aifute tafsiri ya zamani kwenye kompyuta, asije akaionea huruma.

"Är du säker, pappa?" Gladness alimuuliza kwa lugha ya huku, kama ana hakika.

"Futa, mwanangu. Watu wasije wakacheka."

Nami nilikuwepo. Ningeweza kusema neno, nikanyamaza, na nikiri tu, nilijisikia mkubwa. Miezi yote iliyofuata aliniuliza vijana husemaje hiki, husemaje kile, nami nikajibu kwa madaha huku nikila ndizi za mkewe. Alikuwa akiandika, anafuta, anaandika tena. Haraka haraka haina baraka, alikuwa akinitania, maana mimi ndiye niliyekuwa nikitazama saa. Moyo wake ulisimama akiwa sura ya nne.

Mazikoni Mama Gladness alinishika mkono mbele ya watu wote. "Huyu ndiye aliyekuwa sikio la mzee," alisema. "Mungu akubariki, mwanangu." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jioni ile nilimpigia bibi yangu, aliyenilea, kupitia simu ya binamu. Bibi hajui Kiswahili. Kanisani kwetu Injili husomwa kwa Kiswahili, naye huketi pale Jumapili nzima, anasema amina wenzake wanaposema. Nimekaa naye kwenye benchi hilo utoto wangu wote. Vijana niliowatetea wanasoma Kiswahili tangu darasa la kwanza, hawakuhitaji kitabu cha mtu yeyote. Waliokihitaji ni mabibi, na ni lugha yao niliyoifutisha. Sijui hilo lilinipitaje. Pengine halikunipita, niliona haya tu.

Katika simu yangu ya pili kulikuwa na sauti moja ya Mchungaji, kipande cha kwanza cha tafsiri ya zamani, alichonitumia siku moja nikisikilize kwenye treni. Niliisogeza karibu na simu, nikamwachia bibi asikie. Nilisikia akiwafukuza watoto waache kelele. Akasikiliza hadi sauti ilipoisha.

"Nani huyo?" aliuliza.

"Mzee mmoja wa huku, bibi. Ni Neno la Mungu."

"Kumbe ndivyo linavyosema!" Akacheka kidogo, nikasikia anapenga kamasi. "Huyu anaongea kama watu. Mwambie aendelee."

Nilijaribu kumwambia.

"Mtandao unasumbua, bibi," nilisema.

"Haya, baba. Nimekaa hapa hapa. Nangoja."