Dakika Saba za Baba

Hapa Noryangjin, mtaa wa wanaosomea mitihani, kila anayetafuta kazi ya serikali ana kicheza-video cha mkononi. Changu kilibeba masomo mia mbili na kumi na manne, na yote niliyatazama kwa mwendo maradufu. Mwalimu wa sheria alisema kama cherehani, na mimi nikaishia kusema kama yeye. Mtihani wa kuandika nilifaulu mara mbili, usaili nikaanguka mara mbili. Wa tatu ulikuwa Jumanne, na nilishaapa: nikianguka tena, narudi kijijini kwetu Seosan kuchimba tangawizi na baba.

Ok-hyang, jirani yangu wa chumba cha pili, alijifanya msaili.

"Kwa nini unataka kuutumikia umma?"

Nikajibu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, dada."

"Hilo lilikuwa jibu au chafya?"

Jumapili kaka yangu akanitumia video ya baba, maana baba hapendi simu. Kidude changu kikaikataa. Vidude hivi vina madeko: havili video yoyote mpaka uisage kwanza, yaani uigeuze iwe ya muundo vinaoujua. Ok-hyang akaisaga kwenye kompyuta yake, kisha akatoa macho.

"Dakika saba, na faili dogo hivi? Mzee anapumua kweli?"

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Video ikisagwa, picha nzima hairudiwi kila mara. Kinachohifadhiwa zaidi ni kile kilichobadilika tangu picha iliyotangulia; mtu asipotikisika, faili linakuwa dogo. Na sisi watu wa mkoa wa Chungcheong tunajulikana kwa kusema polepole, lakini hata huko kwetu baba wanamwona mzito.

Niliitazama nikiwa kwenye foleni ya wali wa kikombe unaouzwa barabarani. Mazoea yana taabu: kidole chenyewe kikabonyeza mwendo maradufu. Baba, ameketi mbele ya magunia, akasema, "Mi-ran. Ukianguka, rudi nyumbani." Kisha akaganda. Nikasubiri kidogo, nikaona kidude kimekwama, nikakizima. Nikatoka kwenye foleni bila kununua wali. Yaani baba ameshaniona nimeanguka! Iliniuma sana.

Jioni nikamwonyesha Ok-hyang.

"Kimekwama wapi? Tazama namba za dakika, si zinakwenda? Hebu mwache mzee wa watu kwa mwendo wake."

Tukamwacha. Dakika ya pili, kimya. Dakika ya nne baba akapepesa jicho, Ok-hyang akapiga makofi. Dakika ya sita akafungua mdomo.

"Ukifaulu... rudi pia. Mama yako alitaka kujaza tangawizi chumbani kwako. Nimekataa."

Ok-hyang akanisukumia kitambaa.

Jumanne msaili akaniuliza swali lile lile. Ulimi ulitaka kutimka. Nikamkumbuka baba mbele ya magunia yake, nikanyamaza. Wasaili wakatazamana. Mmoja akainua kalamu, akaishusha.

"Binti, kuna tatizo?"

"Hapana, mheshimiwa. Nafikiri."

Kisha nikawaeleza, taratibu, jinsi wazee wa kijijini kwetu wanavyopoteza siku nzima kufuata mhuri mmoja, na kwamba nataka kuwa mtu wa kuwagongea mhuri huo na kuwasikiliza mpaka wamalize.

Matokeo yalipotoka, nilimpigia baba.

"Baba, nimefaulu."

Kimya. Zamani ningepiga kelele "halo, halo" na kukata. Sasa nikaketi kitandani, nikamenya chenza, nikala kipande kimoja kimoja mpaka likaisha. Ndipo nikasikia, kwa mbali, baba anapenga kamasi.